Mtandao wa kuuliza ‘nini’ badala ya ‘wapi’, na maana yake kwa Meru na Embu

Chukulia kwamba wanafunzi 40 wameketi katika ukumbi mmoja wa chuo kikuu huko Nchiru, Kaunti ya Meru, kila mmoja akiwa na rununu mkononi. Mhadhiri amewaagiza watazame video moja ya somo la baiolojia yenye ukubwa wa megabaiti 100. Video ni ile ile, saa ni ile ile na ukumbi ni ule ule.

Hata hivyo, kwa jinsi intaneti ilivyobuniwa, kila rununu italazimika kuagiza nakala yake kutoka kwa tarakilishi inayohifadhi video hiyo, pengine Nairobi, pengine Marseille nchini Ufaransa. Jumla ya megabaiti 4,000 zitasafiri njia moja ili kuleta kitu ambacho kingetosha kuletwa mara moja.

Hakuna rununu itakayoigeukia ya jirani na kuuliza iwapo tayari inayo video hiyo. Si kwamba jirani ni mchoyo. Ni kwamba lugha inayotumiwa na mitambo ya intaneti kuwasiliana haina swali kama hilo.

Kwa takriban miongo miwili sasa, kundi la wataalamu wa tarakilishi limekuwa likishikilia kuwa kasoro hii si ya kutengenezwa kwa viraka, bali inahitaji msingi wa mtandao ubadilishwe. Pendekezo lao ni mtandao unaojikita katika maudhui: mtumiaji ataje jina la kitu anachokitaka, nao mtandao umtafutie kilipo karibu, badala ya kumtaka ataje mahali kilikohifadhiwa.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la maabara za ng’ambo. Lakini kwa wakazi wa Meru na Embu, ambao wengi wao hununua data kwa kipimo cha megabaiti na kuitumia kwenye simu, ni suala la mfukoni.

ASILI YA ANWANI

Intaneti ilichipuka kutokana na mtandao wa ARPANET ulioanza kufanya kazi nchini Marekani mwaka wa 1969. Enzi hizo tarakilishi zilikuwa chache, kubwa na ghali mno. Mtafiti aliyekuwa na mashine dhaifu alitaka kuifikia yenye nguvu iliyokuwa katika mji mwingine. Alijua ni ipi na iko wapi, na haja yake ilikuwa kuunganishwa nayo.

Wabunifu waliiga simu: mtu anampigia mtu kwa nambari. Kanuni za anwani za intaneti zilizochapishwa mwaka wa 1981, na kuanza kutumika rasmi kwenye ARPANET Januari 1, 1983, zilitoa nafasi ya anwani zipatazo bilioni 4.3. Kila pakiti ya data hubeba anwani ya itokako na ya iendako, mithili ya barua yenye nambari ya sanduku la posta. Mitambo ya njiani huisoma anwani hiyo na kuisukuma pakiti mbele. Kilichomo ndani hakiwahusu.

Mpango huo ulifaa sana, la sivyo dunia nzima isingeukumbatia. Tatizo ni kwamba matumizi yalibadilika. Msomaji wa leo anayetaka matokeo ya kandanda, wimbo au fomu ya serikali hajali vimehifadhiwa katika mashine gani. Anavitaka, basi.

Gazeti hutoa mfano mzuri. Mkazi wa Runyenjes anayetaka gazeti la siku haabiri matatu hadi kwenye mtambo wa kupigia chapa jijini Nairobi. Huenda kwa mchuuzi aliye kando ya barabara, na ikiwa mchuuzi amemaliza nakala zake, huazima kwa mwenye kinyozi. Nakala ni ile ile. Lau magazeti yangesambazwa kwa kanuni za intaneti, barabara ya Embu ingejaa wasomaji wakielekea Nairobi kila alfajiri, kila mmoja akifuata nakala yake.

HOTUBA YA 2006

Mtu aliyelifanya wazo hili lisikike sana ni Van Jacobson, mtaalamu wa Marekani ambaye tayari alikuwa na jina kubwa. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yalisongamana hadi kasi ikaporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40, ingawa umbali kati ya sehemu hizo mbili haukufika hata nusu kilomita. Jacobson alichunguza chanzo, na mwaka wa 1988 akachapisha mbinu za kudhibiti msongamano ambazo zingali msingi wa mawasiliano ya intaneti.

Agosti 2006, katika hotuba aliyoitoa kwa wahandisi wa Google, alisema utafiti wa mitandao ulikuwa umekwama kwa kuendelea kutatua tatizo la miaka ya 1960, yaani mazungumzo baina ya mashine mbili, ilhali shughuli kubwa ya mtandao sasa ni usambazaji wa maudhui. Miaka mitatu baadaye, akiwa katika kituo cha utafiti cha PARC huko California, yeye na wenzake walichapisha maelezo kamili ya namna mtandao kama huo unavyoweza kuundwa.

Hakuwa wa kwanza. Mradi wa TRIAD wa Chuo Kikuu cha Stanford ulikuwa umegusia njia hiyo miaka ya mwisho ya 1990, na watafiti wa Berkeley walichapisha mpango wao, DONA, mwaka wa 2007. Hata hivyo ni mpango wa PARC uliozaa mradi wa Named Data Networking, maarufu kwa kifupi NDN, ambao Wakfu wa Kitaifa wa Sayansi wa Marekani ulianza kuufadhili mwaka wa 2010 chini ya uongozi wa Profesa Lixia Zhang wa UCLA.

JINSI UNAVYOFANYA KAZI

Katika mpango huu kila kipande cha maudhui hupewa jina lenye ngazi, kuanzia mwenyewe hadi sehemu ndogo kabisa. Somo la baiolojia lililotajwa laweza kuitwa kwa mfuatano wa chuo, idara, somo, mhadhara wa 4, kipande cha 7. Rununu hutuma ombi lenye jina hilo pekee. Ombi halina anwani ya liendako, na la kushangaza zaidi, halina hata anwani ya aliyelituma.

Mtambo wa kwanza unaolipokea, tuseme ule wa chuoni, hufanya mambo matatu. Kwanza hutazama ghala lake. Ikiwa kipande kimo, hukirejesha papo hapo na safari inaishia hapo. Kisipokuwemo, hutazama orodha ya maombi ambayo bado yanasubiri majibu. Ikiwa mwingine ameshaomba kitu hicho hicho, huandika tu kwamba na upande huu pia unakingoja, wala haulitumi ombi la pili. Ni pale tu ambapo hakuna aliyeomba ndipo hutazama ramani yake ya majina na kulisukuma ombi mbele.

Kipande kinapopatikana hurudi kwa kufuata nyayo zilizoachwa na ombi, mtambo hadi mtambo, na kila mtambo waweza kujiwekea nakala. Hivyo basi wanafunzi 40 wa Nchiru wangesababisha ombi moja tu kutoka nje ya chuo. Mwanafunzi wa 41 akifika dakika tano baadaye, asingesababisha lolote.

Wenyeji wa miteremko ya Mlima Kenya hawahitaji kuelezwa sana. Miradi ya maji inayotegemea mito kama Rupingazi na Kathita haimpeleki kila mwenye boma mtoni na ndoo. Maji hujazwa kwenye tangi la kijiji, na anayeyahitaji huyapata hapo. Tofauti ni kwamba maji yakichotwa hupungua, ilhali video ikitazamwa haipungui.

Swali linalozuka mara moja ni la uaminifu. Ikiwa nakala yaweza kutoka kwa yeyote, nani atahakikisha haijachezewa? Hapa ndipo penye mabadiliko makubwa kuliko yote, japo huzungumziwa kidogo.

Intaneti ya leo huweka kufuli kwenye bomba. Alama ya kufuli inayoonekana juu ya ukurasa humhakikishia mtumiaji kuwa anazungumza na tovuti halisi na kwamba hakuna anayesikiliza njiani. Mtandao wa maudhui huweka muhuri kwenye kitu chenyewe. Kila kipande hutiwa saini ya kidijitali na aliyekitoa, na mpokeaji huikagua saini hiyo bila kujali kipande kimepitia mikono ya nani. Noti ya shilingi 1,000 hukubaliwa sokoni Gakoromone hata ikitoka kwa mgeni, kwa sababu alama za uhalali zimo ndani ya noti.

MAFUNZO YA KENYA

Kenya haijaanza kutumia mpango huu kwa upana, sawa na nchi nyingine zote. Lakini historia yake ya intaneti ni ushahidi mzito wa hasara ya kufuata maudhui mbali.

Kabla ya mwaka wa 2000 kampuni za huduma ya intaneti nchini hazikuwa na mahali pa kubadilishana data. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja mjini Embu kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine mjini Meru, mwendo wa saa chache kwa matatu, ilipanda setilaiti hadi ng’ambo na kurudi kwa setilaiti, na kila hatua ililipiwa dola.

Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, kinachojulikana kama KIXP. Kilidumu takriban majuma mawili. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa wakati huo, ililalamika kuwa haki yake imekiukwa, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe. Baada ya mvutano kituo kilipata leseni na kufunguliwa upya Februari 2002.

Matokeo yake yamepimwa. Ripoti iliyotolewa na shirika la Internet Society mwaka wa 2012 ilionyesha kuwa muda wa data kufika ulipungua kutoka kati ya milisekunde 200 na 600 hadi kati ya milisekunde 2 na 10, na kwamba kampuni ziliokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka wa 2020 ilisema data inayobadilishwa katika vituo vya nchini wakati wa kilele ilikuwa imeongezeka kutoka gigabiti 1 hadi 19 kwa sekunde, na akiba kufikia dola milioni 6 kwa mwaka. Sehemu ya data inayopatikana humu nchini ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari nao ulisaidia. TEAMS na SEACOM zilifika pwani ya Kenya mwaka wa 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Lakini mkongo hufupisha tu muda wa safari ya ng’ambo, hauifuti. Kilichoifuta kwa sehemu kubwa ni maghala ya nakala ambayo kampuni kubwa za kimataifa, Google ikiwemo, zilikuja kuyaweka humu nchini.

Maghala hayo ni mtandao wa maudhui kwa mlango wa nyuma. Simu inapouliza anwani ya tovuti maarufu, hujibiwa kwa anwani ya ghala lililo karibu. Simu hudhani imezungumza na tovuti iliyotajwa, kumbe imezungumza na wakala. Biashara hiyo ilianza kushamiri baada ya kampuni ya Akamai kuundwa Marekani mwaka wa 1998, na ni ushahidi wa kutosha kwamba Jacobson aliuona ugonjwa ulipo.

Ila dawa hiyo ina wenyewe. Ghala la kampuni fulani huhifadhi maudhui ya kampuni hiyo na ya wateja wake wanaolipa. Kwa kuwa data nyingi sasa husafiri ndani ya bomba lenye kufuli, mtoa huduma wa kawaida hawezi kujiwekea nakala ya kitu asichoweza kukisoma. Kituo cha redio kinachotangaza kwa Kimeru, kikiweka vipindi vyake kwenye seva ya bei nafuu Ulaya, kitasikilizwa Maua na Mikinduri kwa sauti iliyovuka bahari, hali video ya mwanamuziki wa Marekani inatoka Nairobi. Maudhui ya kigeni yamekuwa karibu kuliko ya nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za kitaifa hulificha. Vituo na maghala vimejengeka Nairobi na Mombasa. Kutoka hapo hadi Embu ni takriban kilomita 120, na Meru ni mbali zaidi. Mkongo wa kitaifa wa serikali, NOFBI, ambao ujenzi wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 2000, umefika makao makuu ya kaunti, na mtandao wa elimu wa KENET ulioanzishwa mwaka wa 1999 huunganisha vyuo vikuu vya Embu, Meru na Chuka. Hiyo ni neema kwa aliye ndani ya ua la chuo. Aliye Kiambere au Mutuati hutegemea mlingoti wa simu, na kila megabaiti hupita hewani mara nyingi kadiri ya waombaji walivyo.

SHULE NA SANDUKU LAKE

Kielelezo kinachokaribia zaidi wazo hili katika vijiji vya kaunti hizi hakikuletwa na wanasayansi wa California bali na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Mpango wa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2016, haukupeleka vishikwambi pekee. Shule zilipewa pia seva ndogo ya maudhui yenye kisambaza mawimbi. Masomo yaliyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, yaliwekwa ndani ya vifaa kabla ya kufika shuleni, na mtoto aliweza kuyafungua bila intaneti.

Kwa maneno mengine, ghala lilifikishwa darasani. Kwa shule isiyo na mtandao wa kutegemewa huo ulikuwa uamuzi wa busara, na ni haki kuusifu hata kama mpango wenyewe ulikumbwa na lawama nyingine nyingi.

Udhaifu wake ulijitokeza mtaala ulipobadilika. Mfumo wa umilisi, CBC, ulipoanza kutekelezwa kitaifa Januari 2019, maudhui yaliyotayarishwa kwa mfumo wa 8-4-4 yalipitwa na wakati. Sanduku lililofungwa halina njia rahisi ya kujua kwamba kuna toleo jipya. Linahitaji kuunganishwa na seva kuu, au fundi alifikie.

Katika mtandao wa maudhui sanduku hilo lingetangaza tu jina la somo na toleo linalohitajika, na kulipokea kutoka kwa kifaa chochote kilicho nalo: sanduku la shule jirani, tarakilishi ya afisa wa elimu anayezuru, au hata simu ya mwalimu aliyepitia mjini Jumamosi. Saini ya KICD ingethibitisha kuwa somo ni halali. Kampuni ya BRCK ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 2013, iliwahi kufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kuweka ndani ya matatu visanduku vilivyobeba maudhui ambayo abiria waliyatazama bila malipo.

Faida hujitokeza pia mawasiliano yanapokatika. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na huduma za intaneti zikadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kwa mfumo wa sasa, tovuti ya Kenya iliyohifadhiwa ng’ambo hutoweka mkongo unapokatika, hata kama wakazi 1,000 wa Embu waliisoma asubuhi hiyo na nakala zake zingali katika simu zao.

YASIYOFAA NA YASIYOJIBIWA

Si kila jambo hufaa kuhifadhiwa njiani. Salio la M-Pesa ni la mtu mmoja kwa dakika moja, na halina budi kutoka kwenye chanzo. Mazungumzo ya simu na maombi ya eCitizen ni vivyo hivyo. Waasisi wa NDN husema mfumo wao waweza kubeba shughuli hizo pia, na majaribio yamefanywa, lakini faida ya ghala hapo ni ndogo.

Faragha ni pingamizi zito zaidi. Ombi halina anwani ya mwombaji, na hilo ni jema. Lakini linabeba jina la kitu kinachoombwa, na mtambo wa kwanza unajua limetoka upande gani. Mkazi wa mji mdogo anayetafuta habari kuhusu ugonjwa fulani huenda asipende mtambo wa mtaani ulijue jina hilo. Majina yaweza kufichwa kwa msimbo, ila kadiri yanavyofichwa ndivyo uwezekano wa jirani kufaidi nakala hiyo unavyopungua.

Halafu kuna kufuta. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 humpa Mkenya haki ya kuomba taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe au zifutwe. Nakala ikishatapakaa katika maghala ya barabarani, agizo hilo litatekelezwaje? Muda wa kuishi wa nakala waweza kuwekewa kikomo, lakini hilo si sawa na kufuta.

Wahandisi nao wana hesabu yao. Mitambo mikuu ya intaneti leo hukumbuka njia karibu milioni moja za anwani za kawaida. Majina ya maudhui ni mabilioni kwa mabilioni, na mtambo wa kuyatafuta kwa kasi ile ile ni ghali. Isitoshe, ni nani atakayegawa majina? Nani atakuwa mwenye haki ya jina linaloanza na Meru: serikali ya kaunti, kampuni ya kahawa au aliyewahi kulisajili?

Kwa mwananchi, hata hivyo, swali kuu ni la bei. Bando hupimwa kwa megabaiti zinazoingia kwenye simu, ziwe zimetoka Nkubu au New York. Ghala likiwekwa kwenye mlingoti wa Laare, gharama ya mtoa huduma itapungua. Gharama ya mteja haitapungua mpaka viwango vya malipo vitofautishe data ya karibu na ya mbali, na hilo ni la soko na mdhibiti, si la itifaki.

Utafiti unaendelea. Kikosi cha kimataifa cha utafiti wa intaneti, IRTF, kina kundi linaloshughulikia suala hili tangu 2012, na mwaka wa 2019 lilichapisha kanuni za majaribio za mfumo uliotokana na kazi ya PARC. Kampuni ya Cisco ilinunua teknolojia hiyo ya PARC mwaka wa 2017. Kwa njia tofauti, mfumo wa IPFS uliozinduliwa mwaka wa 2015 humwezesha mtumiaji kuomba faili kwa alama inayotokana na maudhui yake badala ya mahali ilipo.

Hakuna anayetarajia anwani zing’olewe. Mtandao wa maudhui waweza kupita juu ya intaneti iliyopo, jinsi intaneti yenyewe ilivyoanza kwa kupita kwenye nyaya za simu. Programu kuu ya NDN hutolewa bila malipo, huendeshwa kwenye tarakilishi za kawaida zinazotumia Linux, na hata kwenye vitarakilishi vidogo vya Raspberry Pi ambavyo tayari hutumiwa kufundishia. Idara ya tarakilishi yenye mashine tatu kuukuu na kisambaza mawimbi kimoja inaweza kuijaribu bila kuomba kibali cha mtu.